MASHAURI YA FUNDI: Oili ya Kuzoezea Injini Mpya

Juma lililopita nilikuwa nimeketi kivulini mbele ya karakana yangu huku Likoni, saa ya adhuhuri, nikamwona kijana mmoja wa Mtongwe akija, anaisukuma pikipiki kwa mikono. Pikipiki yenyewe ilikuwa mpya, hata nailoni ya kiti ilikuwa haijabanduliwa yote.

"Shikamoo, ami," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona waisukuma? Petroli imekwisha?"

"La, ami, petroli imo. Lakini nikipanda mlima injini yalia kwa nguvu wala pikipiki haiendi. Na nyuma yatoa moshi wa samawati. Leo abiria wangu ameshuka njiani, akapanda pikipiki ya mwenzangu."

Nikamwuliza umri wa pikipiki ile. Akanijibu ya kuwa ina miezi mitatu tu. Kisha akanyamaza, nami nikafahamu sababu ya kunyamaza kwake. Pikipiki ile ameichukua kwa mkopo, na kila siku sharti apeleke fedha za watu. Malipo ya kwanza aliyapata kwa mama yake, ambaye aliuza ng'ombe. Pikipiki ikilala siku moja, deni halilali.

Nalimwuliza maswali matatu. La kwanza: Ulitia oili gani? Akasema alinunua oili ya motakaa yenye bei kubwa, kwa kuwa muuzaji alimwambia ndiyo bora kuliko zote, tena imeandikwa juu ya kopo ya kwamba hupunguza matumizi ya petroli. La pili: Uliimwaga lini oili iliyokuja na pikipiki kutoka kiwandani? Akasema baada ya kilomita 3000, kwa sababu wenzake kituoni walimwambia oili ya kiwandani ni nzuri, yafaa kuiacha imalizike. La tatu: Uliiendeshaje siku za kwanza? Hapo akacheka kwa haya. Siku ya pili tu baada ya kuinunua alikwenda nayo kwa barabara mpya ya Dongo Kundu mpaka Miritini na kurudi, mkono wa petroli umefunguliwa mpaka mwisho, ili aone mwendo wake. Siku ya tatu alichukua abiria wawili na gunia la nazi.

Nikaifungua injini mbele yake. Silinda ilikuwa ina mikwaruzo, ringi za pistoni zimelika, na sahani za klachi zang'aa kama sahani za kulia wali. Basi sikuona haja ya kumkemea, kwa maana hakufanya jambo lo lote ila lile aliloambiwa. Aliyemwuzia hakumfunulia kile kitabu kidogo kinachokuja pamoja na pikipiki, na kitabu chenyewe kimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo naona ni wajibu wangu juma hili kuyaeleza mambo haya kwa lugha yetu, ili asipatwe mwingine.

INJINI MPYA NI KITU GANI

Watu wengi wadhani ya kuwa injini ikitoka kiwandani imekwisha kukamilika. Si hivyo. Ukiutazama ukuta wa ndani wa silinda mpya utaona mistari myembamba inayopishana, kama mkeka uliosukwa. Mistari hiyo imechorwa makusudi. Kazi yake ni mbili: kwanza kushika oili kidogo ili pistoni isipite pakavu, na pili kuzisugua ringi za pistoni polepole mpaka zilingane sawasawa na ukuta wa silinda.

Ringi hizo ndizo zizuiazo moto wa juu usishuke chini, na ndizo zizuiazo oili ya chini isipande juu ikaungua. Zikilingana vizuri na silinda, injini hupata nguvu zake zote, wala haili oili. Zisipolingana, moshi wa samawati ndio ushahidi wake. Jambo la kuangalia ni hili: kulingana huko hutendeka zaidi katika mwendo wa kwanza, mistari ile ingali na makali. Mistari ikisha kulainika kabla ringi hazijakaa mahali pake, nafasi imepita, na dawa yake ni kuifungua injini. Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Katika kusuguana huko vipande vidogo sana vya chuma hutoka, vikaingia katika oili. Gia nazo, zikiwa mpya, hutoa unga wa chuma. Ndiyo maana oili ya kwanza huchafuka upesi kuliko oili yo yote itakayofuata. Kuiacha kwa kilomita 3000 ni kama kusaga unga pamoja na mchanga.

JINSI YA KUSOMA KOPO LA OILI

Pikipiki nyingi tuzionazo Likoni, Kisauni na Changamwe, kama Boxer ya kampuni ya Bajaj na zile za TVS, zote za asili ya India, zina injini ya mapigo manne. Katika injini hizo oili moja hufanya kazi tatu. Hulainisha pistoni na silinda, hulainisha gia, tena klachi yenyewe huoga ndani yake. Katika motakaa mambo ni mbali mbali: gia zina oili yake, na klachi iko pakavu. Hapo ndipo lilipo kosa la rafiki yetu wa Mtongwe.

Oili nyingi za motakaa za siku hizi, hasa zile nyepesi zilizoandikwa kwamba hupunguza matumizi ya petroli, zimetiwa dawa za kuzidisha utelezi. Kwa motakaa ni neema. Lakini klachi ya pikipiki hufanya kazi kwa sahani kushikana, na sahani zikiteleza, injini hupiga kelele na gurudumu halipati nguvu. Kwa sababu hiyo Wajapani walitoa kanuni mwaka 1998 kwa oili za pikipiki za mapigo manne, na alama zake huandikwa juu ya kopo. Alama hizo ni hizi:

JASO MA: oili hii yafaa kwa pikipiki ambayo klachi yake huoga katika oili. Baadaye ziliongezwa alama za MA1 na MA2, nazo pia ni za jamii hiyo hiyo. MA2 ndiyo ishikishayo klachi zaidi.

JASO MB: oili hii ni yenye utelezi zaidi. Yafaa kwa skuta nyingi ambazo klachi yake haimo ndani ya oili. Usiitie katika pikipiki ya gia.

JASO FB, FC au FD: hizi ni za injini za mapigo mawili, ambazo oili yake huungua pamoja na petroli. Usizitie kabisa ndani ya injini ya mapigo manne.

Alama ya pili ni ya unene, nayo huandikwa kwa tarakimu, kama 10W-30, au 10W-40, au 20W-50. Watu wengi wazisoma tarakimu hizo bila kujua maana yake. Tarakimu ya kwanza, yenye herufi W, yaonyesha jinsi oili inavyotembea katika baridi kali, baridi ya chini ya sifuri. Sisi wa Mombasa hatuna theluji, kwa hiyo tarakimu hiyo haitusumbui sana. Tarakimu ya pili yaonyesha unene wa oili ikiwa moto, nayo hupimwa katika joto la nyuzi 100 za sentigredi. Kadiri tarakimu ikuavyo, ndivyo oili ibakivyo nzito katika joto.

Je, twende na ipi? Jibu ni lile lililo katika kitabu cha pikipiki yako. Kama kitabu chasema 20W-50, tia 20W-50; kama chasema 10W-30, usimsikilize mtu akuambiaye ya kwamba joto la pwani lataka oili nzito zaidi. Mwenye kuitengeneza injini alipima nafasi zilizo kati ya vyuma vyake. Oili nyepesi mno hukatika kati ya vyuma ikipata moto. Oili nzito mno huchelewa kufika juu ya injini kila asubuhi unapoiwasha, na huko juu ndiko kunakolika.

Alama ya tatu ni herufi za API. Herufi ya kwanza ikiwa S ni ya injini za petroli. Ikiwa C ni ya injini za dizeli. Herufi ya pili yaonyesha umri wa kanuni: SL ni ya baadaye kuliko SJ, na SN ni ya baadaye kuliko SL. Kitabu chako chataja herufi ya chini kabisa inayokubaliwa.

Na wale wapendao kutia oili ya lori kwa kuwa ni nzito na rahisi, nawaambia hivi: oili ile ilitengenezwa kwa masizi ya dizeli, si kwa klachi yako. Ziko chache ambazo kopo lake laonyesha JASO MA pia, nazo hizo hazina kosa. Lakini isiyo na alama hiyo mwachie mwenye lori.

OILI YA MADINI AU ILE YA KUTENGENEZWA?

Swali hili huleta ugomvi katika kila kituo cha boda boda, toka Mtopanga hata Magongo. Oili ya madini ni ile isafishwayo moja kwa moja kutoka katika mafuta ghafi ya ardhini. Oili ya kutengenezwa ni ile ambayo wataalamu wameijenga au kuibadili kwa ufundi wa kikemia, nayo hustahimili joto kwa muda mrefu zaidi, lakini bei yake ni kubwa. Baina ya hizo mbili iko ya mchanganyiko.

Wako mafundi wasemao ya kuwa oili ya kutengenezwa huteleza sana hata ringi zikashindwa kukaa mahali pake. Neno hili limeenea duniani pote, lakini si la kushikilia kama sheria. Motakaa nyingi za siku hizi hutoka kiwandani zimekwisha kutiwa oili ya kutengenezwa, na injini zake hukaa vizuri. Hata hivyo, mimi kwa pikipiki mpya nachagua oili ya madini yenye alama ya JASO MA na unene ule uliotajwa kitabuni, kwa sababu nyepesi ya hesabu. Oili ya kwanza na ya pili zitamwagwa upesi. Kuna faida gani kununua oili ya kuishi muda mrefu, kisha kuimwaga baada ya siku chache? Weka fedha hizo. Injini ikisha kuzoea, ukitaka kutia ya kutengenezwa, tia, mradi iwe na alama ya pikipiki.

Isipokuwa kitabu chako chakataza oili ya madini. Hapo kitabu ndicho hakimu.

KILOMITA 1000 ZA KWANZA

Katika miaka ya 1950 huko Uingereza mtu mwenye motakaa mpya alibandika karatasi nyuma ya gari, kuwaomba wenziwe wampite kwa kuwa injini yake ingali yazoezwa. Siku hizi viwanda vyachonga vyuma kwa usahihi zaidi, lakini vitabu vingi vya pikipiki ndogo vingali vyataka uangalifu huo. Haya ndiyo nishaurio.

Kwanza, tangu mwanzo mpaka kilomita 500 usifungue mkono wa petroli kupita nusu. Toka hapo mpaka kilomita 1000 usipite robo tatu. Kama kitabu chataja mwendo fulani, fuata kitabu.

Pili, usiende mwendo mmoja kwa muda mrefu. Ongeza kidogo, punguza kidogo, badili gia. Nguvu ya moto isukumapo pistoni ndiyo isukumayo ringi ziuguse ukuta wa silinda, kwa hiyo injini mpya yataka kazi ya kiasi. Haitaki kudekezwa wala haitaki kuteswa. Barabara ndefu iliyonyoka kama ile ya Dongo Kundu yavutia sana, lakini ina kishawishi cha kushika mwendo mmoja. Safari ya Nyali, Kongowea mpaka Kiembeni, yenye kusimama na kuondoka, yafaa zaidi.

Tatu, usiiache injini inguruma bure imesimama. Injini hizi hupozwa kwa upepo wa mwendo. Ukiwa katika msururu wa feri huko Likoni, jua la saa sita laiunguza nawe waitia moto mwingine kutoka ndani, hali upepo haupo. Izime mpaka msururu usogee.

Nne, usipakie mzigo mzito, wala usiipandishe mlima katika gia kubwa injini ikitetemeka. Ndugu zetu wakulima wabebao nazi na mboga kwenda sokoni Kongowea na wagawe mzigo kwa safari mbili katika siku hizo za kwanza.

Tano, mwaga oili ya kwanza kati ya kilomita 500 na 1000, kama kitabu kisemavyo. Mwenye boda boda akienda kilomita 100 kwa siku, kilomita 500 ni siku tano tu! Asingoje mwisho wa mwezi. Karani aendaye kazini asubuhi na kurudi jioni atachukua majuma kadha wa kadha, naye aangalie saa ya kilomita, si kalenda. Imwage ingali na moto wa kadiri, ili uchafu utoke pamoja nayo. Safisha chujio au ulibadili. Ile nati ya chini usiikaze kwa nguvu za ubaharia, maana injini ni ya alumini na uzi wake hukatika upesi.

Sita, pima oili kila juma. Pikipiki na isimame wima mahali palipo sawa, injini imezimwa kwa dakika chache, kisha tazama kioo au kijiti cha kupimia. Injini ndogo hizi hushika kadiri ya lita moja tu. Ikipungua kidogo, sehemu kubwa imepungua. Wala usizidishe, kwa maana oili ikizidi pia hudhuru.

TAHADHARI MBILI

Oili mbaya hujificha ndani ya kopo zuri. Wako watu waokotao makopo matupu wakayajaza oili iliyokwisha kutumika na kuchujwa. Kwa hiyo nunua kwa muuzaji unayemjua, tazama kifuniko kama hakijafunguliwa, tafuta alama ya ubora ya KEBS, na ukisha kumimina, litoboe kopo kabla ya kulitupa. Kwa kulitoboa wamwokoa mtu usiyemjua.

Na oili uliyoimwaga usiitupe baharini, wala kisimani, wala katika mikoko. Sisi wa Mtongwe na wenzetu wa Kisauni na Changamwe twala samaki wa maji yale yale. Itie ndani ya dumu, uipeleke kwenye karakana au kituo cha petroli kinachoipokea. Ukisha maliza osha mikono kwa sabuni, maana oili iliyotumika hudhuru ngozi.

HESABU YA MWISHO

Mwaka 2008 Serikali ya Kenya ilipunguzia kodi pikipiki ndogo zenye injini isiyofika 250cc, na tangu hapo vijana wengi wamejipatia riziki kwa boda boda. Lakini pikipiki huleta riziki maadamu injini yake ni nzima. Kijana wetu alikuwa ameokoa thamani ya lita moja ya oili kwa kuchelewa kuimwaga. Amelipa silinda, pistoni, ringi, sahani za klachi na kazi ya fundi. Tena pikipiki ililala siku nne, na mwenye deni hakukosa kupiga simu hata siku moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nilipomrudishia pikipiki nilimwambia ya kuwa silinda mpya na ringi mpya ni injini mpya, kwa hiyo sharti aanze tena tangu mwanzo. Tulisoma kopo pamoja, herufi kwa herufi: 20W-50, kama kitabu chake kisemavyo, na JASO MA. Jana alikuja tena, safari hii amepanda, hasukumi. Saa ya kilomita ilionyesha 500 na kidogo tangu siku ile. Hakuna moshi. Tukaimwaga oili ndani ya karai, naye akachovya kidole, akakiinua juani, akaona chembe ndogo zinazong'aa kama mchanga wa pwani.

"Ami," akasema, "hizi ndizo zilizokuwa zikizunguka mle ndani kwa kilomita 3000?"

Nikamwambia, "Ndizo, mwanangu. Sasa tia mpya, uende kazini."

Haya ndiyo mashauri yangu ya juma hili. Mwenye kitabu cha pikipiki asichokielewa na amwombe mwenye kujua Kiingereza amsomee ukurasa wa oili. Ni ukurasa mmoja tu. Mpaka juma lijalo, nawatakia safari za salama.